Kopo la Juu ya Mlango

Nyumba za zamani za Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi yaliyokaushwa juani, na nyingi kati yake zilikuwa na kopo juu ya mlango. Mpita njia hakuliona. Lilikaa ndani ya ukuta, juu ya boriti ya kizingiti, likafunikwa kwa udongo na kupakwa chokaa kama sehemu nyingine yoyote ya ukuta. Ujenzi ulipofika kimo cha mlango, waashi waliweka miko yao chini, wakanawa mikono, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akaitwa. Alikuja na karatasi aliyoiandika Ayatul Kursi kwa kalamu ya mwanzi, akaikunja, akaifunga kwa uzi mweusi, akaitia katika kopo dogo la bati, la tumbaku au la dawa, na kuziba kifuniko kwa nta. Kisha waashi waliendelea na kazi.

Nilikuwa mwanafunzi wake, kabla sijarithi chuo chake, na mimi ndiye niliyebeba kidau cha wino. Nakumbuka alivyomwambia kila mwenye nyumba maneno yale yale: "Karatasi hailindi kitu. Mlinzi ni Yeye. Karatasi ni ya kukukumbusha." Watu waliitikia, wakala pilau, wakaenda zao. Kopo lilibaki ukutani, nyumba ikazeeka, wajukuu wakazaliwa chini yake. Tuliyasahau makopo yale kama mtu anavyosahau mbavu zake mwenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu makopo hayo yalikaribia kuvunja kila kitu alichokijenga binti yangu, na yalikaribia kumwaga damu ya mwanamke mmoja ambaye hakuwa na kosa.

Binti yangu alisomea ujenzi Kampala. Aliporudi hakutafuta kazi ya ofisini. Alikodi kiwanja Gasenyi, ukingoni mwa mji upande wa kaskazini, akaanza kukusanya kifusi. Watu walicheka. Kifusi ni kitu ambacho mji wetu humwaga kwenye makorongo ya mito, na mvua ikinyesha kinateremka na maji na kuziba mifereji ya watu wa chini. Mzee mwenzangu mmoja aliniuliza msikitini, mbele za watu, "Mwalimu, umemsomesha mtoto miaka yote ile ili awe yaya wa takataka?" Nilimjibu alhamdulillahi, angalau anayemlea hamlilii usiku.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ikibomolewa, mabati, mbao na nondo vilitengwa. Saruji iliyovunjika na udongo wa matofali ya zamani vilisagwa, vikachanganywa na saruji mpya kidogo, vikashindiliwa katika kalibu ya chuma mpaka yakatoka matofali magumu yasiyohitaji kuchomwa. Hakuna tanuri, hakuna mikaratusi ya kukatwa kuni. Binti yangu alipenda kusema kwamba kila nyumba mpya ya matofali ya kuchoma hula kilima cha miti kabla mtu hajalala ndani yake. Mashine ya kusagia ilizaliwa Buyenzi, kwenye gereji ya fundi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu. Aliiunda kwa injini ya lori lililokufa na vyuma alivyovikusanya huku na huku, na vijana wa gereji za jirani wakamsaidia. Waliiita kinu. Kilikuwa na kelele za kuamsha wafu na kiu ya ngamia kwa mazutu, yaani dizeli. Na mazutu, kila aliyekaa Bujumbura miaka hii anajua, ni kitu cha kuota ndotoni.

Ndipo akatokea mwekezaji. Alikuwa mwana wa mji huu huu, amekaa ng'ambo muda mrefu, amerudi na nia ya kujenga nyumba za ghorofa ambazo hazitakata mti wala kuchimba bonde. Majengo ya kijani, ndivyo alivyoyaita. Kama kazi ya binti yangu ingempendeza, angeleta mashine kubwa ya kushindilia na kuchukua matofali yake kwa majengo yote. Kama isingempendeza, kiwanja kingefungwa, kwa maana mwenye kiwanja alikuwa amekwisha kusema kwamba yuko mwingine anayekitaka. Alipanga kuja Ijumaa asubuhi kuona kinu kikifanya kazi. Binti yangu na fundi walitafuta mazutu juma zima wakapata bidoni moja tu, dumu moja la plastiki, wakaifungia ndani ya chumba cha zana kama watu wanaoficha bibi harusi.

"Baba," aliniambia, "siku hiyo usije. Ukiwapo nitakuwa natazama uso wako badala ya kutazama kazi."

Nikakubali. Alhamisi, siku moja kabla ya mgeni, kikaletwa kifusi cha nyumba kutoka Buyenzi.

Habari nilizipata Ijumaa alfajiri, nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni mwa msikiti. Kijana mmoja wa gereji alikuwa amesimama mbele yangu. Nilimfundisha alifu na be akiwa hajaota meno ya mbele, na nyumba iliyobomolewa juma hilo ilikuwa ya babu yake.

"Asalaam alaikum, Mwalimu."

Nikamwitikia. Hakunipa mkono.

"We unajua kama kule kwa binti yako wanachoma Kurani?"

"Nani amekuambia?"

"Apana kuambiwa. Mi nimeona na macho yangu."

Alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua kiganjani. Mlikuwa na kipande cha karatasi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kingo zake nyeusi. Niliona herufi mbili na nusu ya tatu, nikaujua mwandiko. Mwalimu wangu aliiandika kafu yake ikiwa imeinama mbele, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Hakuna mwingine aliyeiandika hivyo.

Kijana alieleza. Jana jioni alikwenda Gasenyi kufuata dirisha la chuma ambalo bibi yake alilitaka. Akawakuta wanawake wanaochambua kifusi wamezunguka moto mdogo, wanaimba nyimbo za kanisa, na kopo liko wazi chini. Aliwauliza wanachoma nini. Wakamjibu ni bulozi, uchawi, wameutoa ukutani.

"Bulozi, Mwalimu! Maneno ya Mungu wanayaita bulozi!"

Nyuma yake walikuwapo wengine, mikono yao ikiwa na weusi wa oili usiotoka hata kwa udhu wa siku saba. Siku nyingine za Ijumaa vijana hawa hutaniana mpaka jua lichomoze. Siku hiyo hakuna aliyetania. Mmoja alikuwa na spana ya magurudumu mkononi. Fundi hutembea na spana kama mimi ninavyotembea na tasbihi, lakini sikupenda alivyoishika.

"Tunaenda leo," kijana akasema. "Kile kinu tumekitengeneza sisi. Tutakifungua sisi, buloni kwa buloni."

"Na huyo mama aliyechoma?"

Hakujibu. Kunyamaza huko ndiko kulikonitisha. Mimi ni mzee wa mji huu. Nimeuona nyakati ambazo wanaume walitembea kwa makundi bila kuzungumza, na sitaeleza zaidi. Aliyekuwapo anajua, na asiyekuwapo Mungu amwepushe.

"Ngojeni hata tuswali Ijumaa," nikasema.

"Apana, Mwalimu. Yule patroni wa majumba anakuja asubuhi. Tunataka aone."

"Mtafikaje? Mafuta hakuna mjini."

Mmoja wa nyuma alishindwa kujizuia. "Mwalimu, gereji ikikosa mafuta, bahari itakosa chumvi."

Hata hivyo iliwapasa kuyakamua kwanza kutoka magari ya wateja, kidogo hapa, kidogo pale. Nikaona hiyo ndiyo nafasi niliyopewa. Nilimpigia binti yangu simu, haikupokelewa. Nikapiga tena nikiwa natembea. Nilivuka mtaa wa Bwiza wakati wenye maduka wanafagia vizingiti vyao, nikisoma kimoyomoyo Hasbunallahu wa ni'mal wakil, na magoti yangu yakinikumbusha umri wangu kila penye mwinuko. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya miguu yangu pale mtu wa gari dogo la unga wa muhogo aliposimama bila kupungiwa mkono. "Mzee, panda," akasema tu. Mpaka leo namwombea dua bila kujua jina lake.

Binti yangu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na kofia ngumu ya kazi. Aliponiona langoni, alikunja uso.

"Baba. Leo? Nilikuomba leo usije."

"Kinu kimewashwa?"

"Bado. Tumekijaza tu. Mgeni yuko njiani."

"Usikiwashe."

Nilimwambia yote, kwa maneno machache, tukiwa tumesimama kando ya lundo la kifusi. Alisikiliza akitazama udongo ule mwekundu kana kwamba ungeweza kuinuka.

"Juu ya kila mlango?" akauliza.

"Si kila mlango. Mingi."

"Na wa kwetu?"

"Na wa kwetu."

"Nimelala chini ya kitu hicho tangu nizaliwe, na hakuna aliyeniambia?"

"Hakuna aliyekumbuka, mwanangu."

"Baba, watu wa Buyenzi hawasahau. Hawasemi tu." Kisha sauti yake ikashuka. "Na kifusi cha Buyenzi tulichokwisha kusaga? Makopo tuliyaona. Chekecheke iliyazuia, tukayatupa kwenye vyuma chakavu. Tulidhani ni makopo."

Nilimwambia kwamba lililopita bila kujua tumwachie Mwingi wa kusamehe. La leo tunalijua.

Nikaomba nimwone aliyechoma. Alikuja mama mmoja wa makamo, mkimbizi kutoka Uvira ya Kongo, akifuta mikono kwenye kitenge chake. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Papa, mi niliona uzi mweusi, na nta, na maandishi nisiyoyajua," akasema. "Kwetu, kitu kama hicho, mutu anakiweka kwa nyumba yako ili ufe. Niliogopa. Nikaita wenzangu, tukaomba, tukachoma."

"Mliikanyaga?"

"Apana, Papa! Kitu ya kuogopa, unakanyaga? Tulichoma juu ya bati safi. Majivu niliyafunika pale kwa ukuta, watoto wasishike."

Alinionyesha. Pembeni mwa kiwanja, mahali pasipopitwa, palikuwa na rundo dogo la majivu limefunikwa kwa tofali jipya lililopanguswa. Nililitazama tofali lile, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri nikapumua.

Nilimwambia aondoke kwa njia ya nyuma kwa sababu wanakuja watu wenye hasira.

"Nikikimbia watasema nilijua," akasema. "Na mi nimekimbia vya kutosha, Papa. Nimechoka kukimbia." Akarudi kwenye chekecheke yake.

Gari la mwekezaji likaingia. Lilikuwa safi mno kwa barabara zetu. Alishuka mtu wa makamo, mpole, akatusalimu kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili cha utotoni kilichoshika kutu kidogo. Binti yangu alimzungusha kiwanjani, akimwonyesha matofali yaliyopangwa kivulini na udongo uliochekechwa. Nilimwona akitabasamu huku vidole vyake vikisugua mshono wa suruali. Wakafika kwenye kinu. Mazutu yalikuwa tayari tumboni mwa injini, fundi ameshika mpini wa kuwashia, na kinywa cha kinu kimejaa matofali ya udongo ya nyumba ya babu wa yule kijana.

"Haya," mgeni akasema kwa furaha. "Tuanze?"

Fundi alimtazama binti yangu. Binti yangu akanitazama mimi. Nisingeweza kumwambia tena mbele ya mgeni wake, na sikujaribu. Nilichoweza kufanya ni kutoyaondoa macho yangu usoni mwake. Kusaga kungechukua muda mfupi tu. Mgeni angeona alichokuja kuona, mkono ungetolewa, mambo yangekwisha.

"Kitoe," binti yangu akamwambia fundi.

"Nini?"

"Kifusi chote kilichomo. Kitoe kwa mkono. Chote."

Mgeni aliinua nyusi. Binti yangu alianza kumweleza, na hakuwa amefika mbali ndipo pikapu ya Buyenzi ilipoingia langoni kwa kasi na kusimama katika vumbi lake.

Waliruka chini kabla haijasimama vizuri. Wale wanawake waliacha kazi. Fundi alisimama mbele ya kinu chake, mikono imelegea, maana wale walikuwa wadogo zake wa kazi na alijua nguvu zao.

"Yuko wapi?" kijana akapaza sauti. "Yuko wapi yule mama wa jana?"

Nilitumaini mama wa Uvira atanyamaza. Hakunyamaza.

"Ni mi," akasema, akatoka mbele na chekecheke mkononi.

Kijana alimwendea. Nilikuwa karibu zaidi, nikaingia katikati yao, na hapo miguu yangu ikaanza kutetemeka. Sijui kama ilikuwa hofu au ile njia ya Bwiza. Sikutaka waione ikitetemeka. Nikakaa chini, pale pale juu ya lundo la kifusi, na kanzu yangu ya Ijumaa.

Wallahi sikuwa nimepanga. Lakini chuoni kwetu kuna adabu inayofundishwa kabla ya herufi ya kwanza: mwalimu akiketi, mwanafunzi hasimami juu ya kichwa chake. Mtoto anayesahau hulala siku hiyo bila halua. Yule mwenye spana alikuwa wa kwanza. Alinitazama, akatazama kushoto na kulia, akachutama. Kisha wa pili. Kisha wote, mmoja mmoja, kwa aibu, kama watu wazima waliokutwa wamevaa nguo za watoto. Kijana mwenyewe alibaki amesimama peke yake, kifua kikipanda na kushuka. Nilisubiri. Uvumilivu ni kitu ambacho kazi ya kufundisha watoto imenipa kwa wingi.

Akachutama.

"Karatasi ya Kitabu ikichakaa," nikauliza, kwa sauti ile ile ya darasani, "tunaifanyaje?"

Mmoja akasema, "Tunaizika pahali safi."

"Au?"

"Tunaitia kwa maji yanayotembea."

"Au?"

Nilimtazama kijana. Alikuwa analijua jibu, na alikuwa analichukia.

"Au tunaichoma," akasema, "na majivu tunayafukia."

"Nani aliwafundisha?"

"We, Mwalimu."

"Huyu mama sikumfundisha mimi. Amechoma juu ya bati safi, akafunika majivu yasikanyagwe. Nenda pale ukutani ukaone. Kati yake na wewe imebaki nia tu, na nia iko kifuani, mimi siioni. Wewe unaiona?"

"Lakini aliita bulozi!"

"Aliita kwa jina alilolijua. Kopo lilikuwa la babu yako. Babu yako alikuambia liko?"

Akainamisha kichwa. Mama wa Uvira akasogea hatua moja.

"Mwanangu," akasema, "kama ningejua ni ya Mungu, ningekuja kupiga hodi kwenu. Mi naogopa walozi, siogopi Mungu wa mutu."

Yule mwenye spana aliiweka chini, juu ya tofali, polepole.

"Na kama liko lingine humo?" akauliza, akionyesha lundo nililolikalia. "Nyumba ile ilikuwa na mlango wa uani."

"Mna mikono," nikasema. "Fundi hana kazi ya kukaa."

Wakaanza kuchambua lundo na kile kilichokuwamo kinuni. Waliokuja kuvunja kinu walivua mashati, wakapiga magoti katika udongo wa nyumba ya mwenzao, wakiuvunja donge kwa donge. Wanawake wakaona wanavyofanya vibaya, wakashindwa kuvumilia, wakaja kuwaonyesha. "Si hivyo, papa, utakatwa na msumari. Shika huku." Kazi ilikwenda. Hatimaye ukatokea ubao wa kizingiti umegandiwa na udongo, na katika udongo ule, bati lililoshika kutu.

Kila mtu alisimama. Kijana alilichukua kwa mikono miwili. Alilifungua kwa ncha ya bisibisi, akatazama ndani, akaendelea kutazama.

"Nini?" wenzake wakauliza.

Akaliinamisha nilione. Mlikuwa na uzi mweusi, umekaa katika mviringo wake kana kwamba bado umefunga kitu, na vumbi. Nta ilikuwa imepasuka zamani. Mchwa waliingia wakala karatasi yote, herufi kwa herufi, na kwenda zao.

Sauti ya nyuma, ile ile ya bahari na chumvi, ikauliza kwa unyenyekevu:

"Mwalimu, sasa hao mchwa ni mahafidhi?"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Wakacheka wote, hata fundi, hata kijana mwenyewe, huku anajifuta uso kwa mkono wenye vumbi. Mama wa Uvira aliuliza hafidhi ni nini, akaambiwa ni mtu aliyeihifadhi Kurani yote kifuani, naye akacheka baada ya wengine kumaliza.

Vumbi lile na yale majivu tuliyazika pamoja, kando ya ukuta.

Mwekezaji alikuwa amesimama karibu na gari lake muda wote huo, funguo mkononi. Sasa alimwendea binti yangu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinipa wasiwasi zaidi.

"Nani atanihakikishia kwamba hili halitatokea tena," akauliza, "siku nitakapokuwa na ghorofa zinazosubiri matofali?"

"Hakuna," akajibu. "Lakini nyumba ya Buyenzi haitabomolewa tena kabla milango yake haijafunguliwa juu kwa mkono, na mwenye nyumba akiwapo."

"Itakuchelewesha."

"Itanichelewesha."

"Basi acha kuchukua kifusi cha Buyenzi. Mji una vifusi vingine."

Nilimwona binti yangu akiwatazama wale vijana, udongo mpaka viwikoni, wakinawa kwa zamu kwenye ndoo moja na wale wanawake ili wawahi msikitini.

"Nitakichukua," akasema.

Aliwasha kinu mbele yake, kwa saruji iliyovunjwa ya Gasenyi, na bidoni yetu ya mazutu ikateketea kwa kelele nzuri. Mgeni aliokota tofali, akaligonga, akaliacha, akashukuru kila mtu. Aliondoka bila kuahidi.

Jibu lilipokuja, lilikuwa nusu. Atachukua matofali kwa jengo moja, kwa kujaribu. Mashine kubwa hataileta. Mwenye kiwanja aliposikia kuna jengo, alimwacha binti yangu abaki. Mimi nilisema alhamdulillahi, kwa maana nilikuwa nimeiona asubuhi ile ilivyoweza kwisha. Binti yangu alitoka nje. Kwa muda mrefu alinisalimu kwa heshima zote na hakuketi nami, maana mimi ndiye niliyemwambia asikiwashe. Sikumlaumu. Nilimwomba Mola anipe subira ya kusubiri bila kumsukuma, na alinipa.

Mvua zilipopita, walikuja nyumbani kwangu asubuhi moja, yeye na mama wa Uvira, wamebeba ngazi. Nyumba yangu ilikuwa imeegemea upande kama mzee anayesinzia, na tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba ibomolewe na kujengwa upya kwa udongo wake wenyewe. Sikujua kwamba itakuwa siku hiyo.

"Baba, tumekuja kufungua mlango."

Aliweka mwiko chini, akaomba maji ya kunawa. Kisha akapanda, akakwangua chokaa juu ya kizingiti taratibu, kwa namna ambayo alikuwa amekwisha kuizoea katika nyumba za wengine. Kopo lilitoka zima. Akaniletea. Nta ilikuwa bado imefunga, na juu yake alama ya kidole gumba cha mwalimu wangu, mistari yake yote, kana kwamba amekibonyeza jana.

"Tulifungue?" nikauliza.

Alilichukua mkononi mwangu, akalifunga katika kitambaa cha kichwani mwake, akampa mama wa Uvira alishike.

"Hili linarudi juu," akasema. "Ila safari hii watoto wataambiwa."

Akaketi kwenye kibaraza, kando yangu, akaomba chai.